Reli ya zamani haikuendeshwa kwa kubahatisha

Mhariri,

Tangu ujenzi wa SGR, reli mpya ya kisasa, ya Mwanza hadi Isaka uanze mwaka 2021, nasikia vijana vijiweni wakisema reli ya zamani ilikuwa ya kupeperusha bendera na kumwomba Mungu. Naomba nafasi niwajibu, maana niliajiriwa relini miaka ya 1970, nikafanya kazi stesheni ndogo za upande wa Malya na Malampaka.

Bendera zilikuwepo, sikatai. Lakini reli hii iliyofika Mwanza kutoka Tabora mwaka 1928 ni ya njia moja, na treni hupishana stesheni tu. Kazi yetu yote ilikuwa kuhakikisha kati ya stesheni mbili kuna treni moja, basi. Nampigia simu mwenzangu wa mbele, namuuliza kama njia iko wazi. Akikubali naandika saa na dakika daftarini, najaza kibali cha karatasi, namkabidhi dereva. Bila karatasi hiyo haondoki, hata abiria wazomee, hata ndani awemo mkubwa gani.

Na mwenzangu hakubali hivi hivi. Lazima awe ameiona taa nyekundu ya mkiani ya treni iliyotangulia. Hiyo ndiyo inayoonyesha kuwa treni imefika nzima. Isipoonekana, huenda mabehewa yamekatika na yamesimama porini gizani, yakingoja kugongwa. Kwa hiyo gudsi, yaani treni ya mizigo, ya pamba ikipita usiku unatoka nje, vumbi usoni, unakodoa macho behewa baada ya behewa mpaka la mwisho. Hukuiona taa? Njia inabaki imefungwa mpaka ukweli ujulikane. Mara nyingi ilikuwa imezimika tu, na lawama za kuchelewesha treni zinakuangukia wewe.

Wenzetu wa Ulaya na Marekani walikaa ghorofani, kwenye minara yenye safu ya mikono ya chuma ya kuvuta ili kubadili ishara na njia za treni. Mwingereza John Saxby alipata hataza mwaka 1856 ya kuifunganisha mikono hiyo: ukishavuta mmoja kuruhusu treni, ule wa kuleta treni nyingine mbele yake unagoma. Kompyuta ilikuwa bado kabisa! Kwetu stesheni ndogo hatukuwa na mnara. Stesheni masta alikata tiketi, akapokea mizigo, akashika simu, na jioni alihakikisha taa za ishara zimejazwa mafuta ya taa. Mkono wa ishara ukilala mlalo juu ya nguzo, dereva anasimama. Hakuna mjadala.

SGR naitaka, na nitaipanda. Ombi langu ni kwamba simu zile, madaftari na nguzo za ishara visiishie kwenye mizani ya vyuma chakavu. Nairobi wana makumbusho ya reli tangu 1971. Hapa kwetu makumbusho ya Bujora yametunza ngoma na vitu vya watemi wa Kisukuma. Stesheni ya Mwanza ikitenga chumba kimoja, kinatosha kuanzia.

Halafu wastaafu wahojiwe mapema, wakiwa bado wana nguvu za kubishana nani alichelewesha treni ya nani.

Mstaafu wa reli,
Igogo, Mwanza