Kabla hamjagawana vyeo

Naliendele, Mtwara

Mpendwa Zuhura,

Assalaam alaykum, shoga yangu. Huku hatujambo. Mama magoti yamempa nafuu, anakusalimu sana. Msimu wa korosho umeanza, kwa hiyo pale kwenye chama chetu cha msingi cha ushirika hakuna anayekaa. Ujumbe wako nimeusoma zaidi ya mara moja, nikaona si wa kujibiwa kwa maneno mawili ya simu, ndiyo maana nimekaa kuandika.

Kwanza hongera. Kampuni ya video za masomo iliyoanzishwa na watu wa Lindi, walimu wake wa Lindi, mtoto wa Liwale asome fizikia bila kungoja mwalimu wa fizikia apangiwe shule yao! Hilo jambo nalitaka litokee, tena nalitaka lidumu. Na kwa sababu nalitaka, ile karatasi ya uongozi uliyonitumia imeninyima raha. Mko watatu. Wenzako wawili wote ni wataalamu wa kompyuta, wote wanataka kuwa mkurugenzi mtendaji, mkaona muwafanye wakurugenzi wenza ili asiumie mtu. Wewe mmekuandika kuwa utashughulikia "fedha na mambo mengine". Shoga yangu, hayo mambo mengine ni yapi? Ni mwanafunzi, ni mwalimu anayerekodiwa, ni vibali vya serikali, ni bili ya kusafirisha video kila mwezi. Ukiyatoa hayo, sijui kwenye kampuni kinabaki nini.

Nakuomba usitie sahihi mpaka karatasi iseme waziwazi neno la mwisho juu ya kila jambo ni la nani, na hasa ni nani anayemsemea mtoto mwenye simu ya bei ndogo.

Umenitajia YouTube kama mfano wa marafiki watatu waliofanikiwa kwa kupendana. Ni kweli walikuwa watatu, Chad Hurley, Steve Chen na Jawed Karim, na walijuana PayPal, kampuni ya malipo ya mtandaoni, walikokuwa wameajiriwa kabla ya kuanza safari yao Februari 2005. Lakini angalia walivyotofautiana. Hurley alisomea sanaa, ndiye aliyechora nembo ya PayPal. Akawa mkurugenzi mtendaji, na sura ya tovuti ikawa yake. Chen alikuwa mhandisi, akabeba mitambo. Karim ndiye aliyeweka video ya kwanza kabisa, tarehe 23 Aprili 2005, sekunde 19 tu akiwa mbele ya tembo kwenye bustani ya wanyama ya San Diego. Huyo aliamua mapema kurudi masomoni, Stanford, akabaki mshauri, na hisa zake zikawa pungufu ya wenzake. Hakupewa kiti cha heshima ili asinune. Naamini urafiki wao ulisaidiwa na kule kujua mapema nani anafanya nini. Mwaka uliofuata Google ikawanunua kwa hisa zenye thamani ya dola bilioni 1.65, na fedha za namna hiyo zikiingia katikati ya marafiki ambao hawakuandikiana kitu, unajua mwenyewe kinachotokea.

Halafu tazama nani aliyekuja kukaa kwenye kile kiti muda mrefu kuliko wote. Susan Wojcicki alipewa YouTube Februari 2014, akaiongoza miaka tisa mpaka alipomwachia Neal Mohan mwaka 2023. Alifariki Agosti 2024, Mungu awape subira watoto wake. Huyu mama alisomea historia na fasihi Harvard kabla ya kuingia kwenye uchumi na biashara. Ndiye aliyewapangisha Larry Page na Sergey Brin gereji yake mwaka 1998 Google ilipokuwa changa, na baadaye akawa miongoni mwa waliosukuma YouTube inunuliwe, ilhali yeye ndiye aliyekuwa akisimamia huduma ya video ya Google yenyewe. Aliona watu wameipenda ya wenzao kuliko ya kwake, akasema basi tuinunue hiyo. Namheshimu kwa hilo kuliko kwa mengine yote. Nakwambia haya kwa sababu umeandika kwamba wewe "si mtu wa teknolojia" kana kwamba hiyo ni sababu ya kukaa pembeni. Umefundisha hesabu Nachingwea. Unajua mtoto anakwama wapi kwenye milinganyo, unajua anapata simu saa ngapi baada ya baba kuitumia, unajua bando la nyumbani kwao linaisha siku gani. Wenzako hawayajui hayo, na hayafundishwi chuoni.

Kuna kisa kimoja naomba uwasomee wote wawili mkikaa kikao.

Mwaka 2009 pale YouTube alikuwapo mhandisi anaitwa Chris Zacharias. Ukurasa mmoja wa video wakati huo ulikuwa umenenepa mpaka kufikia MB 1.2, kabla hata ya video yenyewe kuanza. Akajipa kazi ya kuupunguza ushuke chini ya KB 100, yaani chini ya sehemu ya kumi ya MB moja. Akaondoa hiki, akaandika upya kile, mpaka akafika KB 98. Wakaujaribisha kwa sehemu ndogo ya watazamaji, wakakusanya takwimu. Wastani wa muda wa kufunguka ukurasa ulikuwa umepanda! Ukurasa mwepesi mara kumi na zaidi, na takwimu zinasema ni mzito. Hapo Zuhura, mkurugenzi anayeangalia namba moja tu angesema kazi hii haina faida, tupeni. Karibu ifike huko. Ndipo wakazigawa zile takwimu kwa maeneo ya dunia, wakaona kuna wimbi jipya la watu kutoka Afrika, Asia ya Kusini-Mashariki, Amerika ya Kusini, hata sehemu za mbali za Siberia. Hao zamani hawakuwa kwenye hesabu kabisa. Kwa mtandao wao, ukurasa wa kale ulikuwa unachukua zaidi ya dakika 20 mpaka video ianze, kwa hiyo hawakuwa wakisubiri. Huu mpya ulichukua dakika mbili hivi. Dakika mbili kwa mtu wa California ni ubovu, kwa mtu aliyekuwa hapati kitu ni video. Wao ndio walioupandisha ule wastani, kwa sababu kwa mara ya kwanza walikuwa wameingia.

Nilipokisoma hicho kisa niliwaza watu wetu. Vijana wa Tandahimba hawalalamiki kwamba video inazunguka tu. Wanaifunga, wanaenda kuingiziwa filamu kwenye memori kadi, au wanarushiana simu kwa simu. Kimya chao kwenye takwimu za kampuni yenu kitaonekana kama vile hawapo. Lazima kwenye meza ya uongozi awepo mtu mwenye mamlaka ya kusema: tusubiri, hii namba ni ya nani, na nani hayumo ndani yake? Ukimpa cheo bila mamlaka atasema na hatasikilizwa.

Na hesabu ya fedha inaanzia hapohapo, haiko kwenye daftari la peke yake. Somo la nusu saa likitengenezwa kwa megabiti 1 kwa sekunde, na megabiti nane ndizo MB moja, linakula MB 225. Likishushwa mpaka kilobiti 300 kwa sekunde, halifiki MB 70. Ubao na mkono wa mwalimu havichezi sana, picha ya namna hiyo inabanika vizuri kuliko mpira wa Simba na Yanga. Mafundi wenu watakwambia video hukatwa vipande vya sekunde chache, kila kipande kikatolewa kwa ukubwa tofauti, na simu ikachagua kinacholingana na mtandao wa wakati huo. Ni sawa, wafanye hivyo. Lakini kuamua kwamba kile kipande cha chini kabisa kiwe kinasomeka, namba za ubaoni zionekane kwenye kioo kidogo, huo ni uamuzi wa mtu anayemjua mwanafunzi. Tena kila anayetazama anaongeza gharama yenu ya kusafirisha video, alipe asilipe. Mkipendwa sana mwezi wa mitihani, bili itafika kabla ya mapato. Sasa anayepanga ubora wa picha akiwa hamwambii anayelipa bili, mtajikuta pabaya wakati ambao watu wanawasifia.

Uliandika pia kwamba wenzako wanataka kuzuia kabisa video zisinakiliwe. Naelewa hofu yao. Ila wakumbushe YouTube Go, ile programu nyepesi iliyoanzia India ikasambazwa nchi nyingi. Ilikuwa inamwonyesha mtu video itakula MB ngapi kabla hajaifungua, na ikamruhusu kumrushia jirani bila bando. Waliifunga mwaka 2022, mimi nilisikitika. Na wewe unaikumbuka Mei 2024, nyaya za baharini zilipokatika na mtandao ukayumba karibu nchi nzima. Mtoto aliyekuwa na somo ndani ya simu yake aliendelea kusoma. Neno la mwisho juu ya jambo hili lingekuwa langu, ningeruhusu kurushiana na fedha nikazitafuta kwa shule na halmashauri. Lakini si langu, na kwenye karatasi yenu si la mtu yeyote.

Kuhusu wakurugenzi wenza. Wenzako watakwambia hata Netflix wako wawili, na hawatakuwa wamesema uongo. Sasa waulize wawili hao ni akina nani. Ted Sarandos aliingia mwaka 2000, akasimamia filamu na tamthilia miaka ishirini ndipo akapandishwa kuwa mkurugenzi mwenza wa Reed Hastings, mmoja wa waanzilishi, Julai 2020. Hastings alipojitoa kwenye utendaji Januari 2023, akaingia Greg Peters, aliyetokea upande wa bidhaa na uendeshaji. Mmoja anajua hadithi, mwingine anajua mfumo, na kila mmoja alikuwa na shamba lake kabla ya cheo kuja. Kwenu wawili hao wanajua kitu kilekile. Watagombana juu ya kilekile, na wewe utabaki msuluhishi wa kudumu. Na Netflix hiyohiyo, mtendaji wake wa kwanza hakuwa Hastings, alikuwa Marc Randolph, akampisha mwenzake kampuni ilipohitaji mtu wa aina nyingine. Kupisha si aibu. Waambie hivyo kwa upole, maana najua mmoja wao ni mkwe wako.

Lipo na la siku mbaya. Mwanzoni mwa 2020, watu walipojifungia majumbani, Zoom, ile programu ya mikutano ya video, ilivamiwa na shule na familia wakati ilitengenezwa kwa ajili ya ofisi, na udhaifu wa usalama wake ukaonekana wazi. Eric Yuan, mwanzilishi wake, ni yule Mchina aliyenyimwa viza ya Marekani mara nane akapewa ya tisa. Alijitokeza kwa jina lake, akaomba radhi, akasimamisha vitu vipya vyote kwa siku 90 wahandisi washughulikie usalama tu, na kila wiki akakaa kujibu maswali ya watu. Ninyi mtakuwa na majina na namba za watoto wa shule. Siku zikivuja, mzazi wa Mchinga atakuja kwa nani? Msijiandikishe BRELA, kwa msajili wa makampuni, kabla ya kulijibu hilo.

Hapa kwetu kwenye ushirika nimeona nguvu ya jambo hili. Mjumbe wa bodi amechaguliwa na wakulima, ana heshima yake, lakini hashiki daftari langu la fedha wala hasimami kwenye mizani. Siku ya mnada bei zinasomwa wakulima wakiwapo, na wao ndio wanaosema tunauza au hatuuzi. Mwenyekiti akipenda bei na wakulima wakaikataa, imekataliwa. Ugomvi upo, wala sikufichi, tena mkubwa. Ila sijasikia mtu akiuliza uamuzi huu ulikuwa wa nani.

Kwa hiyo omba upewe mtazamaji. Aandikwe kwa jina: ubora wa video, bei kwa mwanafunzi, kurushiana, malalamiko, vyote neno la mwisho ni lako. Mitambo apewe mmoja wao, na mwingine, kama kweli anataka kuongoza, aende kwa maafisa elimu na wakuu wa shule akatafute fedha. Mhasibu mtaajiri, vitabu vya mwezi hata mimi nitawakagulia bila malipo mpaka mtakaposimama. Na kama watasema mtazamaji ni kitu kidogo mno kwa mkurugenzi, basi nipigie kabla hujajibu.

Nitumie karatasi mpya ikiwa tayari. Jumapili hatuna mnada, nitaisoma siku hiyohiyo. Msalimie shemeji na watoto, na yule mdogo mwambie kitabu chake kimefika, nitampa dereva wa basi la Lindi.

Wako akupendaye,
Hadija