Taa za angani: mwandishi hakuuliza saa

Ndugu Mhariri,

Nimesoma habari yenu ya wiki iliyopita kuhusu taa zilizoonekana usiku juu ya bahari. Mashahidi watatu, picha moja ya kiwingu, na kichwa cha habari kinachouliza kama tumepata wageni kutoka sayari nyingine. Nimeirudia mara mbili nikitafuta saa. Haimo. Hamna pia kama zilitokea matlai au kusini, wala zilidumu dakika ngapi. Tumeambiwa tu kwamba shahidi mmoja alipigwa na butwaa.

Pete ya chuma iliyoanguka kijijini Mukuku, Makueni, tarehe 30 Desemba 2024, ilikuwa na kilo 500 hivi. Shirika la Anga la Kenya lilikwenda likaichukua, likasema kwa tathmini ya awali ni kipande cha roketi. Taa haichukuliki. Huacha maneno ya aliyeiona, basi, na maneno hayo yakipokewa ovyo hakuna mtaalamu wa kuyaponya.

Wafaransa walilishika hilo mapema. Tangu 1977 shirika lao la anga lina kitengo mjini Toulouse, ambacho sasa kinaitwa GEIPAN, cha kupokea taarifa kama hizi. Shahidi hujaza dodoso: ulisimama wapi, ulitazama upande gani, kitu kilikuwa juu kiasi gani, kilipoteaje. Majibu hulinganishwa na nyota, ndege, setilaiti na hali ya hewa ya saa ile, kisha kisa hupewa herufi. A kimetambulika, B yaelekea kimetambulika, D kimeshindikana ingawa taarifa zake ni nzuri, na visa hivyo ni asilimia chache tu. Watu hukimbilia D. Kinachonisikitisha mimi ni C, karibu theluthi ya visa, ambavyo havisemi lolote kwa sababu taarifa hazikutosha. Habari yenu ingekwenda humo moja kwa moja.

Wala haihitaji darubini. Ngumi ya mkono ulionyooshwa hufunika nyuzi 10 hivi za anga. Shahidi ahesabu ngumi kutoka upeo wa bahari hadi kwenye taa. Waulizwe mmoja mmoja, kabla hawajakutana barazani. Kama zilifuatana mstari mmoja kama siafu, muda mfupi baada ya magharibi, tazameni kwanza ratiba ya setilaiti za Starlink. Kama ilikuwa moja, nyeupe, imetulia upande wa machweo, anzeni na sayari ya Zuhura.

Mashahidi wenu wapo, na kumbukumbu bado mbichi. Mwandishi arudi kwao, na safari hii abebe dira.

Mwalimu mstaafu wa jiografia,
Tanga