Msomee Mama, nawe usikie

Walukuba, Jinja

Dada yangu mpendwa,

Salaam nyingi kutoka huku ziwani, na shikamoo kwa Mama yako. Barua yako nimeisoma, nikairudia. Umeniandikia mambo mawili ambayo sikuyatarajia kutoka kwako: kwamba tangu utimize miaka 60 na kukabidhi funguo za ofisi, hutaki tena kwenda kwenye mazishi ya mtu, hata jirani, na kwamba ukikaa karibu na kitanda cha Mama unatafuta sababu ya kuondoka, kwa kuwa unajiona wewe umelala pale. Kisha ukauliza: "Wewe unayesoma vitabu mpaka usiku wa manane, umepata nini humo cha kunisaidia?" Swali zito, na ndiyo maana nimechelewa kukujibu.

Nianze na nisichokipata. Hakuna kitabu kilichoniondolea hofu ya kufa. Bado naamka usiku moyo ukinidunda, nawaza nani atanifunga kidevu. Nilichokipata humo ni watu. Fikiria sisi tunavyokutana na kifo hapa kwetu: tunakisikia redioni katika matangazo, tunachanga, tunafika turubai limeshafungwa, sufuria ziko mekoni, na marehemu anasifiwa. Alipitia nini katika miezi yake ya mwisho, aliwaza nini watu walipotoka chumbani, hatujui, na si adabu kuuliza. Mwandishi mzuri anakuingiza humo chumbani, tena ndani ya kichwa cha mgonjwa, na hakuruhusu kutoka mapema.

Kilichoniingiza mimi ni Kifo cha Ivan Ilyich, cha Mrusi Leo Tolstoy, kilichotoka mwaka 1886. Ivan Ilyich ni hakimu mwenye cheo, nyumba mpya na marafiki wa kucheza nao karata. Siku moja, akimwelekeza fundi namna ya kutundika mapazia, anateleza na kujigonga ubavuni. Maumivu yanaanza kidogo kidogo, na hayatoki tena. Kuna mahali anakumbuka somo la shuleni, kwamba binadamu wote hufa. Hoja hiyo aliikubali maisha yake yote, ila kwa watu wengine. Itamhusuje yeye, aliyekuwa mtoto wa mama yake, aliyeipenda harufu ya mpira wake wa ngozi? Nilipofika hapo nilikifunga kitabu nikatoka nje kupunga upepo, maana na mimi nina mpira wangu, na wewe unaujua, ule wa majani ya migomba tuliokuwa tukiugombea utotoni katika kambi ya askari.

Lakini kinachomtesa mtu yule kuliko maumivu ni uongo. Mke, madaktari, wenzake kazini, wote wanamwambia ni ugonjwa tu, atulie, ameze dawa, atapona. Anayejua kwamba anakufa ni yeye, na hana wa kumwambia. Mmoja tu hadanganyi: Gerasim, kijana wa shamba anayehudumu mle nyumbani. Gerasim anamsafisha bila kinyaa. Usiku anakaa na miguu ya bwana wake juu ya mabega, kwa sababu ikiinuliwa hivyo maumivu hupungua. Akiambiwa aende akapumzike, husema kwamba sote tutakufa, kwa nini asijisumbue kidogo?

Nilikuwa nakisoma kitabu hicho wakati Shangazi anaumwa kule Kibuli. Ilikuwa saratani ya shingo ya kizazi, na ilikuwa imeshasambaa. Ukoo ulikutana ukaamua aambiwe ni vidonda vya tumbo. Basi tukawa tunalia mlangoni, tunacheka kitandani. Kila aliyeingia alikuja na habari ya mtu fulani aliyeumwa zaidi yake na sasa analima. Shangazi alikuwa anatutazama tu, anatusitiri. Na mimi, kwa ajili ya yule hakimu wa Urusi, nilikuwa nayaona macho yake kwa namna ambayo nisingeyaona. Nilijua kuna mtu mle ndani anayesubiri mmoja wetu aache kuigiza.

Akaja muuguzi wa Hospice Africa Uganda, wale wanaowahudumia wagonjwa wasioweza kupona, walioanza kazi yao Kampala mwaka 1993. Alileta mofini ya kunywa, dawa ya maumivu makali. Dawa yenyewe ni unga uliochanganywa na maji, imo katika chupa ya plastiki, na mgonjwa anaipata kwa kipimo nyumbani kwake. Yule binti hakutuuliza sisi lolote. Aliketi mkekani akamwuliza Shangazi mwenyewe: "Mama, wewe unadhani unaumwa nini?" Shangazi akamjibu: "Naumwa ugonjwa wa kufa, mwanangu. Hawa ndio hawajaambiwa."

Maumivu yalipotulia, maneno yakaanza. Alitaja anaowadai na wanaomdai, kanga zipi ni za nani, na nani asipewe nafasi ya kusimama kusema siku ya mazishi. Akataka nimsomee. Nikamchukulia utenzi wa Mwana Kupona.

Wewe na mimi tulimfundisha Mwana Kupona kwa miaka mingi, na nakumbuka tulivyokuwa tunahangaika na vina, mizani na msamiati wa Kiamu, lahaja ya Lamu. Tunachopita haraka ni hali ya mtunzi. Mwaka 1858, upande wa Lamu, mwanamke mgonjwa, maradhi yamemshika mwaka mzima, anamwita binti yake asogee, akae, na aje na wino na karatasi, kwa sababu ana jambo moyoni la kumwambia. Hajifanyi kwamba atapona. Hamwachii mwingine aamue binti aambiwe nini. Mgonjwa ndiye anayeongoza mazungumzo! Wasia wenyewe sikubaliani nao wote, hasa beti za kumnyenyekea mume, na Shangazi, aliyeolewa mara mbili na kuachika mara mbili, alinikatiza kwa sauti kila nilipofika huko. "Mruke huyo," alikuwa akisema, "nipeleke anapoomba dua." Lakini mwenendo wa mama yule aliupenda. Jioni moja akaniambia: "Sasa na wewe lete karatasi." Tukaandika katika daftari la shule la mjukuu wake, yeye akisema, mimi nikifuata. Akifika mahali panapouma ananyamaza, ananiangalia kama nimeandika, kisha anaendelea.

Alifariki mwezi wa Shaaban, nyumbani, kila mtu akijua. Nililia sana. Ila ile aibu niliyokuwa nikiondoka nayo kwenye mazishi ya wengine, ya kumwacha mtu apite peke yake huku mimi nikimwambia "utapona", safari hii haikuwapo.

Kuhusu uzee wenyewe nimejifunza kwa taratibu zaidi, na hapo huenda sina mengi ya kukupa. Shaaban Robert, karani wa serikali aliyetuachia nusu ya tulichofundisha, hakuona kwamba maisha yake yamekwisha kusimuliwa alipofika hamsini. Akaongeza sehemu nyingine na kuiita Baada ya Miaka Hamsini. Alifariki mwaka 1962 akiwa na miaka 53. Inanigusa kwamba mtu aliyebakiwa na muda mfupi hivyo aliona hiyo nayo ni sehemu ya kitabu, haikustahili kubanwa katika mistari miwili ya mwisho. Mimi na wewe tumeshampita kwa umri, dada yangu.

Halafu kuna yule mzee mvuvi wa Cuba, Santiago, katika kitabu cha Mmarekani Ernest Hemingway cha mwaka 1952. Nimemchagua kwa ajili yako makusudi. Ni mjane, hana mtoto, ana siku 84 hajapata samaki, na wavuvi vijana wanamcheka. Akiwa peke yake baharini, samaki mkubwa akimvuta, mkono wake wa kushoto unakakamaa. Yeye anausemesha, anaukemea, anakula samaki mbichi ili upate nguvu, anausubiri ufunguke. Mimi goti langu la kulia lilikuwa limenifanya nijichukie. Sasa nalisemesha. Na kuna kijana wa jirani, Manolin, aliyefundishwa kuvua na mzee yule. Wazazi wake wamemhamishia mtumbwi mwingine, lakini asubuhi anakuja na kahawa. Anapoiona mikono ya mzee ilivyochanwa na kamba, analia. Hakuna ukoo kati yao.

Hemingway huyo nusura afie hapa kwetu. Mwezi Januari 1954 ndege yake ilianguka karibu na maporomoko ya Murchison, na siku iliyofuata ndege ya pili ikashika moto ikiruka kutoka Butiaba, kwenye Ziwa Albert. Magazeti ya dunia yakatangaza kwamba amekufa, naye akaja kuzisoma tanzia zake mwenyewe. Wala sitakuficha mwisho wake: mwaka 1961 alijitoa uhai. Kitabu alichokiandika hakikuwa kinga kwake, na mimi sikuahidi kinga. Ukisikia giza linazidi, usinisubiri niandike. Nipigie simu saa yoyote, na nenda kwa yule daktari uliyenitajia.

Najua pia hadithi ya Kintu, mtu wa kwanza, na mkewe Nambi inakuumiza, ile ya Baganda tuliyosimuliwa na jaja, mzee wa jirani kule kambini. Nambi anarudi mbinguni kuchukua mtama mdogo wa kuku, kaka yake Walumbe anamfuata, naye ndiye kifo. Kaka mwingine, Kayikuzi, anamkimbiza duniani kote mpaka mahali paitwapo Ttanda, Walumbe anazama ardhini, na Kintu anasema basi, na aue, lakini watoto wangu hatawamaliza. Ni jibu la mwenye watoto. Wewe hukujaliwa, na sitakwambia kwamba wanafunzi wako ndio watoto wako. Umeshaambiwa hivyo na watu wengi waliotaka kumaliza mazungumzo. Ndiyo maana nimekupa Santiago. Kintu nimwachie mwenye haja naye.

Sasa Mama. Katika kifurushi hiki kuna vitabu viwili. Kimoja ni Wimbo wa Lawino, Kiswahili cha Paul Sozigwa, ni chako. Cha pili ni Wer pa Lawino, Kiacholi chenyewe alichokitoa mshairi Okot p'Bitek mwaka 1969, miaka mitatu baada ya kile cha Kiingereza. Hicho ni cha Mama. Okot alizaliwa huko huko Gulu mwaka 1931, mwaka ambao bila shaka mama yako anaukumbuka kwa hesabu zake. Macho yake hayawezi tena, lakini umeniambia masikio yako sawa na ulimi haujachoka. Mimi Kiacholi changu ni cha salamu tu, wewe ndiwe mwenye lugha. Msomee.

Msianzie mwanzo. Nendeni kwenye sehemu ya safari ya mwisho ya Pagak, kule waendako wasiorudi. Lawino anamwambia mumewe, yule msomi anayedharau dawa za kienyeji, kwamba siku ikifika hakuna cha kuziba njia: hakuna dawa ya mzungu, hakuna msalaba wala rozari, na hata pembe ya kifaru ya mganga haifai kitu. Kifo anakiita Mama. Mama Kifo akikunong'oneza "njoo", unainuka papo hapo na kumfuata, hata vumbi la makalioni hukupangusa. Okot alikuwa hajafika arobaini alipoyaandika hayo, na alifariki mwaka 1982 akiwa na miaka 51. Nimeyasoma mara nyingi na bado nacheka kwenye vumbi la makalioni, kisha kicheko kinakatika katikati. Nadhani Mama atacheka zaidi yangu. Na nadhani ataanza kukwambia jinsi wazee wake walivyoondoka, nani aliinuka kwa hiari na nani aliburutwa. Akianza, weka kitabu chini, chukua daftari.

Usimjibu kwamba ataishi miaka mingi. Ana miaka tisini na kitu, anajua hesabu. Mwulize anaogopa nini. Huenda akasema haogopi kitu isipokuwa wewe kubaki peke yako, na hapo ndipo mtakapokuwa na la kuzungumza. Ukitetemeka mikono mbele yake si kitu. Alikuona ukijifunza kutembea.

Mimi wasia wangu nimeuandika, kwa Kiswahili, mbele ya mashahidi. Nimekupa rafu yote ya vitabu, kwa hiyo itabidi uniahidi kuishi vizuri, katika nyumba isiyovuja.

Kifurushi nimempa kondakta wa basi la usiku. Namba ya simu yake nakutumia kwa ujumbe, mpokee kituoni kabla ya saa tatu asubuhi, maana baada ya hapo wanageuza kurudi Kampala. Mwambie Mama kitabu kimetoka kwa yule mtoto wa askari aliyekuwa akimwibia karanga. Na ukishamsomea Pagak, niandikie alichosema, neno kwa neno, usinifupishie.

Ni mimi wako wa tangu kambini.