Kamba haifungwi, inazungushwa

Ndugu Mhariri,

Makala yenu kuhusu wasanii na wasimulizi wa Nevada ilituridhisha kwa jambo moja: mwandishi aliipita Las Vegas bila kusimama, akafika Elko, kaskazini-mashariki mwa jimbo hilo la magharibi mwa Marekani, kwenye ranchi zenyewe. Ila shairi mlilolitafsiri pembeni limeharibiwa na kitenzi kimoja. Mpanda farasi anamnasa ndama kwa kitanzi, kisha mfasiri anaandika "akaifunga kamba kwenye tandiko". Mtu wa huko angecheka. Neno lao ni dally, walilolichukua kwa wachungaji wa Meksiko waliosema dale vuelta, yaani "izungushe". Kamba huzungushwa mara mbili tatu kwenye kigongo kilicho mbele ya tandiko, na mkono hubaki umeishika ncha. Fundo halipigwi.

Sababu iko kwenye kamba yenyewe. Reata, yaani kamba yao ya kiasili, ni ngozi mbichi ya ng'ombe, ambayo haikupita kiwandani, iliyosukwa kwa mikanda minne hadi urefu wa mita 15 au 18, wakati mwingine zaidi. Hurushwa vizuri kwa kuwa ina uzito, lakini haivumilii mshtuko. Ikipigwa fundo halafu ng'ombe akaivuta ghafla, mkanda mmoja hukatika na mingine hufuata. Ikizungushwa tu, huteleza kidogo kidogo na nguvu ya mnyama humalizikia kwenye msuguano. Ndiyo maana kigongo huvishwa ngozi laini ya nyumbu. Wanamichezo wa rodeo, mashindano ya kunasa na kupanda wanyama, wenye kamba za nailoni, hukivisha mpira ili kamba ikamate. Kidole gumba nacho hutakiwa kuelekea juu. Kikinaswa kati ya kamba na kigongo, huondoka.

Mwandishi aliandika pia kwamba wasukaji wa kamba hizo wana "kipaji cha kuzaliwa". Kipaji hakikaushi ngozi. Fundi huikwangua nyama na mafuta, huiwamba kama anayewamba ngoma, kisha huikausha kivulini penye upepo. Jua kali hukausha uso wa ngozi upesi na kuuacha unyevu ndani. Hapo huoza taratibu, na kasoro haionekani mpaka siku kamba inapokatika. Baada ya hapo hukata mkanda kwa kuizunguka ngozi kutoka ukingoni kwenda katikati, kama anayemenya chungwa bila kukata ganda. Ngozi ya mgongoni ni nene, ya tumboni ni nyembamba na hunyumbuka, kwa hiyo mkanda mmoja huwa na tabia mbili. Lazima uvutwe kwanza, ndipo upunguzwe upana na unene hadi ulingane mwanzo mpaka mwisho. Kingo zake hukatwa mshazari, la sivyo husimama, na kamba hukwaruza mkono wa anayeitumia.

Pagumu kuliko pote ni unyevu. Mkanda uliolowa mno hukubali kila unachoutaka wakati wa kusuka, kisha husinyaa ukikauka na msuko mzima huachia. Mkavu mno hupasuka kwenye pindo. Unaofaa ni ule wa ubaridi mkononi usioacha maji vidoleni, na hali hiyo haidumu: fundi hufunika mikanda kwa kitambaa chenye unyevunyevu na kuipaka sabuni ya matandiko ili iteleze inapopishana. Haya hufunzwa kwa kukaa na fundi, na Baraza la Sanaa la Nevada lina mpango unaomkutanisha bingwa na mwanafunzi wake kwa ajili hiyo hasa.

Kidogo kuhusu mliowasahau. Ufundi wa nchi ile haukuanza na ng'ombe. Mwaka 1924, katika pango la Lovelock, walichimbuliwa bata 11 wa bandia waliotengenezwa kwa matete yaitwayo tule, baadhi wakiwa wamepakwa rangi na kuchomekwa manyoya. Umri wao unakadiriwa kuwa miaka 2,000. Waliwekwa majini kuwavuta bata wa kweli, na Wapaiute, wenyeji wa asili wa huko, waliendelea kuwatengeneza hadi karne iliyopita.

Tukirudi kwa washairi wa ranchi, mkutano wao wa Elko ulianza Januari 1985. Huangukia kipindi cha baridi kwa sababu ndipo kazi za ranchi zinapopungua kidogo, kabla ng'ombe hawajaanza kuzaa. Wengi hughani kwa kichwa, na katika ukumbi huketi watu wanaojua kamba. Shairi linalopiga fundo reata limekwisha hapo hapo, hata vina vyake viwe vitamu namna gani.

Mfasiri wenu alilitoa kwa nathari iliyokatwakatwa mistari. Hatukubaliani na uamuzi huo. Mashairi yao ya kimapokeo yana vina, na kinachohesabiwa katika mstari ni mikazo ya sauti, aghalabu minne, kuliko silabi. Mstari wa namna hiyo huwa na silabi nane hivi, basi utenzi unafaa kuliko shairi la mizani 16: una mizani nane kwa kipande, na tangu zamani ndio tunaousimulizia visa virefu. Tatizo ni kwamba maneno yetu ni marefu. Ubeti mmoja wao mara nyingi utahitaji beti mbili zetu, na mfasiri anayelazimisha mmoja kwa mmoja huanza kudondosha vitu, kwanza kigongo, kisha ndama. Kwa tukio lile tungeandika:

Kazungushia kigongo,
ndama kavuta kwa shingo,
haikukazwa kifungo,
kamba ikawa salama.

Kitenzi mlichokikosa kimekula mizani mitano, na bado kigongo kimepata nafasi.

Wenu,
Wasuka ngozi na wasomaji wa ukurasa wa utamaduni,
Arusha