Kampuni za mafuta zikija magharibi, zianze na hesabu ya tangi

Mhariri,

Vituo vya mafuta vyenye duka linalokesha vinazidi kuota kando ya barabara zetu hapa Kenya, kuanzia Gilgil hadi Busia. Vingi si vya mtu mmoja tena, bali ni matawi ya kampuni zilizoanza na kituo kimoja au viwili kwingine na sasa zinatafuta miji mipya. Sisi tunaofukia matangi, kufunga pampu na kuzitengeneza zikigoma tunaona jambo moja likirudiwa katika upanuzi huu, na tungependa wenye kampuni, serikali za kaunti na wateja walijue. Kampuni inapotoka mjini kwao, kitu cha kwanza kubaki nyuma ni jicho la mwenye mali juu ya tangi. Paa linang'aa na duka lina friji mpya, lakini hakuna anayejua kwa uhakika lita zinapotelea wapi. Lita zisipojulikana ziliko, atazilipa mhudumu wa pampu, au zitaishia katika kisima cha jirani.

Duka halikuja kwa bahati. EPRA, mamlaka ya serikali inayosimamia kawi na mafuta, hutangaza bei ya juu kabisa ya petroli, dizeli na mafuta ya taa kila tarehe 14 ya mwezi, na kila mji una bei yake kulingana na gharama ya usafirishaji. Faida ya muuzaji kwa kila lita imo ndani ya hesabu hiyo, hawezi kuiongeza. Anayetaka zaidi itabidi auze lita nyingi, au auze mkate, maziwa, gesi, oili ya injini na chai. Hatuoni ubaya hapo. Ila faida ikiwa nyembamba hivyo, kupoteza asilimia moja ya mafuta ni kugawa sehemu kubwa ya kile ambacho kituo kingebaki nacho.

Hesabu yenyewe si ngumu. Asubuhi unapima tangi kwa kijiti, unaongeza mafuta yaliyoshushwa, unatoa yaliyouzwa kwa mita za pampu, kisha unalinganisha na kipimo cha asubuhi inayofuata. Tuseme tangi lilikuwa na lita 12,400, lori likashusha 10,000, pampu zikauza 6,150. Zinafaa kubaki 16,250. Kijiti kikisema 16,180, pamepungua lita 70. Je, zimeibwa? Kwa siku moja huwezi kusema. Katika tangi la lita 20,000 lililolazwa, milimita tano za kijiti karibu na katikati ni zaidi ya lita 50. Mkono ukiyumba, au kijiti kikikaa mshazari, lita 70 zimepatikana au zimepotea bila tone kuhama. Kinachosema ukweli ni mfululizo. Upungufu ukielekea upande mmoja siku saba au kumi mfululizo, hapo kuna tatizo, na tatizo lina mahali.

Kulitafuta kunahitaji usiku mmoja tu. Funga mauzo saa nne usiku, pima, acha tangi litulie hadi saa kumi na moja alfajiri, pima tena. Kipimo kikishuka wakati hakuna aliyeuza, tangi au bomba linalotoka humo linavuja. Kisiposhuka, lakini upungufu unakua kadiri unavyouza, angalia mita: huenda pampu inatoa zaidi ya inavyoandika. Ita Idara ya Mizani na Vipimo ije na kopo lake la lita 20. Kiwango cha kimataifa kinaruhusu kosa la asilimia 0.5, yaani mililita 100 kwa kopo hilo. Upungufu ukitokea siku za lori peke yake, mafuta yalipunguzwa njiani au hayakupimwa vizuri yalipofika. Kwa njia hii hakuna haja ya kumshuku kila mtu kwa pamoja.

Kuna kosa jingine tunalolikuta kwenye kampuni zenye matawi. Jedwali la kugeuza sentimita kuwa lita hunakiliwa kutoka tawi moja na kupelekwa kwa mengine yote, eti matangi yalitoka kwa fundi mmoja. Matangi hayafanani hivyo. Hata yakifanana, moja likifukiwa limeinama kidogo zaidi upande wa pampu, jedwali la mwenzake litadanganya kila siku. Kila tangi lipimwe mahali lilipo na lipewe jedwali lake.

Halafu joto. Petroli hupanuka takribani asilimia 0.12 kwa kila nyuzi moja ya Selsiasi. Lita 10,000 zilizopakiwa zikiwa na nyuzi 32, mchana wa Kisumu, zikikaa katika tangi la chini ya ardhi lenye nyuzi 25, zitasinyaa kwa lita 80 na zaidi. Hakuna aliyeziiba. Kituo cha milimani Molo kitasinyaza zaidi ikiwa lori lilipakia mahali pa joto. Kampuni isiyoandika joto la mafuta wakati wa kushusha itaziita lita hizo shoti, yaani upungufu wa kulipwa.

Na shoti hukatwa kwa nani? Kwa kijana aliyesimama kwenye pampu tangu alfajiri. Hili linatuuma, maana mara nyingi tunafungua shimo na kukuta bomba lililooza huku wahudumu wakiwa wamekwisha kulipishwa kwa miezi. Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 19, inamruhusu mwajiri kukata mshahara kwa hasara ambayo mfanyakazi ameisababisha kwa kusudi, au kwa upungufu wa fedha alizokabidhiwa uliotokana na uzembe au udanganyifu wake. Mafuta yaliyosinyaa kwa baridi hayamo. Yaliyovuja hayamo. Kampuni ambayo haijafanya kipimo cha usiku haina msingi wa kumkata mtu hata shilingi.

Sasa ardhi, ambayo ndiyo huwashangaza wanaokuja na ramani ya Nairobi. Tambarare ya Kano, kuanzia Ahero kushuka hadi kingo za Nyando, hujaa maji mvua za masika zikikolea. Tangi tupu la lita 10,000 likizungukwa na maji ya ardhini husukumwa juu kwa nguvu ya tani 10, na tangi lenyewe la chuma halifiki tani mbili. Huinuka. Hupasua sakafu na kung'oa mabomba. Dawa yake ni bamba la zege chini ya tangi na mikanda ya kulifunga, lakini hapa wengi hukosea hesabu. Mita moja ya ujazo ya zege ina uzito wa tani 2.4 juu ya ardhi. Ikizama majini inabaki na tani 1.4 za kushikilia. Ukitumia 2.4 kwenye karatasi umejenga zaidi kidogo tu ya nusu ya nanga unayohitaji. Na kabla ya mvua kubwa usiache tangi likauke: lita 5,000 za petroli humwekea tangi uzito wa tani 3.7 hivi.

Udongo mweusi wa mfinyanzi wa sehemu hizo una tabia yake. Huvimba mvua ikinyesha na kupasuka kiangazi, na kila mara husogeza kilichomo. Bomba la chuma lililounganishwa kwa kukazwa kama skrubu halivumilii hayo, hufunguka kwenye kiungo. Ondoa udongo huo wote kuzunguka tangi na njia ya mabomba, jaza mchanga uliooshwa au kokoto ndogo za mviringo, kisha tumia mabomba ya plastiki yenye kuta mbili yanayopinda. Nakuru shida ni nyingine: udongo wa volkano ni mwepesi, na mvua kubwa hufungua nyufa. Huko pima ardhi kabla ya kununua ploti.

Kuna jambo moja kuhusu maji ambalo mameneja wengi hulielewa kinyume. Tangi lililo chini ya usawa wa maji ya ardhini likitoboka, kipimo hakishuki, kinapanda. Maji yanaingia, na kwa kuwa ni mazito kuliko mafuta, yanakaa chini. Daftari litaonyesha ziada, meneja atafurahi, mpaka siku magari matano yazimike hatua chache kutoka pampuni. Paka dawa ya kugundua maji kwenye ncha ya kijiti kila asubuhi. Ikibadilika rangi, pima urefu wake. Ukikua kutoka jana hadi leo, simamisha mauzo ya tangi hilo na unyonye maji kabla hayajafikia mdomo wa bomba la pampu.

Kushusha mafuta ndiko kazi ya hatari zaidi. Kabla ya lori kufungua chochote, msimamizi apime nafasi. Tangi la lita 20,000 halijazwi kupita asilimia 97, yaani 19,400. Likiwa na 8,600, linapokea 10,800, na shehena ya 10,000 inaingia. Lakini wikendi ikiwa dhaifu na tangi likabaki na 10,200, shehena ileile haiingii, hata kama ofisi kuu iliiagiza kwa ratiba. Dereva atalalamika kwamba lazima arudi. Na arudi. Injini izimwe, waya wa kupeleka umeme tuli ardhini uunganishwe kwanza na kuondolewa mwisho, sili zilinganishwe na hati, na kila mdomo wa tangi uwe na rangi na jina la mafuta yake. Petroli ikiingia kwenye dizeli, hata kidogo, dizeli hiyo hushika moto kwa urahisi kuliko inavyostahili. Pampu za tangi linalojazwa zisiuze. Mtu mmoja wa kituo asimame hapo hadi mwisho, asiende kuhudumia duka.

Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, kwa hiyo hutambaa chini. Katika miji yetu nje ya ukuta wa kituo mara nyingi kuna mama anayekaanga chapati na makaa. Asifukuzwe. Kampuni ielekeze bomba la kupumulia la tangi juu na mbali na upande wake, iamue saa za kushusha na imjulishe. Tangu moto wa lori la mafuta lililopinduka Sachangwan, karibu na Molo, tarehe 31 Januari 2009, walipokufa zaidi ya watu 100, hakuna mtu wa ukanda huu anayehitaji kuelezwa petroli iliyomwagika inafanya nini.

Wateja nao hawafanani. Salgaa, kituo cha malori kwenye barabara kuu, unauza dizeli kwa malori, mamia ya lita kwa mara moja. Kondele, mtaa wa Kisumu, unauza petroli kwa bodaboda, mafuta ya Sh100 ambayo hayafiki lita moja. Tazama kibao cha chuma kilicho kwenye pampu: kimeandikwa kiasi cha chini ambacho mita inaweza kukipima kwa uhakika, mara nyingi lita 2 au 5. Chini ya hapo kosa linakua. Mpira wa pampu uliolala na hewa, au uliolegea kwa joto, unaweza kummegea mwenye pikipiki mililita ambazo kwa gari si kitu lakini kwake ni kilomita. Kampuni inayotaka soko la bodaboda ifunge pampu yenye kiwango kidogo cha chini, mpira mfupi, na vali isiyoruhusu mafuta kurudi.

Kuhusu duka tutasema machache. Kampuni za maduka makubwa Nakumatt na Tuskys, zote zenye asili ya Nakuru, zilianguka zikidaiwa na wasambazaji. Choppies ya Botswana ilinunua matawi ya Ukwala, kampuni yenye mizizi Kisumu, na kufikia 2020 ilikuwa imeondoka nchini. Mwokaji mkate na muuza maziwa wa hapa walipwe kwa wakati. Umeme ukikatika, jenereta ishike friji ya maziwa pamoja na pampu, si taa za bango.

Tunaomba serikali za kaunti za Kisumu, Nakuru, Kakamega, Siaya na Busia, zinapotoa upya kibali cha biashara, ziitishe daftari la vipimo vya tangi la miezi mitatu ya mwisho pamoja na vyeti vya EPRA, vya NEMA, mamlaka ya mazingira, na muhuri wa Mizani na Vipimo. Daftari la kweli lina makosa madogo ya kupanda na kushuka. Lenye sifuri kila siku limeandikwa ofisini. Na kwa kila kituo kipya ziagize mabomba mawili ya uchunguzi yenye matundu, kipenyo cha inchi nne, yasimamishwe kwenye pembe mbili za shimo la tangi hadi chini ya tangi lenyewe, yenye kifuniko na kufuli. Mara moja kwa wiki unashusha chombo, unachota, unanusa na kutazama kama kuna utando. Shimo likiwa wazi, kuyasimamisha mabomba hayo ni kazi ya asubuhi moja. Zege likishamwagwa, itabidi kituo kifungwe na sakafu ivunjwe, na hakuna tawi tulilowahi kuona likikubali hilo kabla jirani hajaanza kulalamika kwamba maji yake yananuka.

Mafundi wa matangi na pampu,
Kisumu