Kabla Fundi Hajarudi

Dodoma

Mpendwa Koku,

Hujambo? Mama hajambo? Mpe shikamoo yangu, na umwambie senene alizompa Justa zilifika salama na hazikulala.

Nimeziona picha za nyumba yako. Inapendeza, ule upande wa ziwani hasa. Lakini nimeikuza picha ya mwisho mara nyingi, na sioni mkanda wa zege juu ya madirisha. Fundi anapanga tofali juu ya tofali tu. Koku, msimamishe. Nakuandikia barua kwa sababu kwenye simu ungesema "sawa shoga" tukahamia kwenye mengine.

Siku ile kwa Anatory uliniuliza kwa nini tetemeko la 2016 lilikuja kwetu Kagera, wakati Bonde la Ufa liko mbali kule Tanganyika na Kivu. Walianza kubishana na swali lako likapotea. Mimi halijanitoka. Ile Jumamosi, tarehe 10 Septemba, saa tisa na nusu kasoro alasiri, ukubwa ulikuwa 5.9 tu, na bado tulizika watu. Shule za Ihungo na Nyakato ulizijua, na uliona zilivyobaki.

Kilichotushangaza sisi wa kazi hii ya kuchunguza miamba ya chini ni kina chake: kama kilomita 40. Matetemeko mengi ya barani hutokea kwenye kilomita 15 au 20 za juu, kwa sababu chini ya hapo mwamba huwa wa moto, hunyumbulika badala ya kuvunjika. Kwetu ukoko wa dunia ni wa kale na umepoa, na unene wake nao ni kama kilomita 40. Yaani huenda palivunjika karibu kabisa na sakafu ya ukoko, na hakuna ufa wowote juu ya ardhi ambao ungetutahadharisha.

Ndiyo maana tunapima mvutano wa dunia, ile nguvu inayovuta vitu chini. Sehemu ya chini ya ukoko ina uzito wa gramu kama 2.9 kwa kila sentimita ya ujazo, na mantili, yaani tabaka la mwamba lililo chini yake, kama 3.3. Ukoko unapokuwa mnene, mwamba mwepesi unakaa mahali pa ule mzito, na mvutano unapungua. Mvutano wote ni kama miligali 980,000 (miligali ndiyo kipimo chetu cha mvutano). Ukoko ukiongezeka kilomita 1, zinapungua kati ya 15 na 20 hivi. Ukipandisha gravimita, mashine yetu ya kupimia mvutano, mita 1 tu, miligali 0.3 imeshaondoka. Ndani ya mashine mna uzito mdogo umening'inia kwenye springi. Unasawazisha miguu mpaka povu likae katikati, unashusha pumzi, halafu lori linapita barabarani na namba zinacheza upya. Setilaiti ya GOCE ilipima kutoka juu kati ya 2009 na 2013, lakini kwa eneo la Kagera picha yake ni pana mno, lazima twende kwa miguu. Hata hivyo mvutano peke yake hautoshi, maana mwamba mzito kiasi ulio karibu na mzito zaidi ulio mbali vinaweza kutoa namba ileile. Tunaulinganisha na rekodi za mitetemo.

Sasa usije ukanielewa vibaya: hakuna namba hapo itakayotuambia siku wala saa. Itatuonyesha ukoko ulivyo na wapi unabadilika ghafla, basi. Kwa hiyo narudi kwenye mkanda. Nondo nne zikizunguka nyumba nzima, zege lisikatike kwenye kona, na kuta zifungwe humo. Ghali, najua. Punguza vigae, punguza lile geti.

Na ombi: mwezi ujao tunakuja huko, na ningependa kituo kimoja kwenye kibanja cha mama, pale chini ya mwembe, mbali na barabara. Hatuchimbi chochote, ni kuweka mashine, kusoma na kuondoka, ila tutarudi jioni kuhakiki. Atakubali? Au nimpigie mwenyewe nimwombe kwa heshima? Zile nyufa za chumba cha babu zimeongezeka tangu mwaka ule? Fundi wako ni yuleyule wa Hamugembe? Nondo huko zinauzwaje siku hizi? Na ukikwama kwa pesa ya mkanda utaniambia, au utanificha kama ulivyonificha ile habari ya Edna?

Nijibu kabla fundi hajarudi Jumatatu.

Wako,
Asimwe