Kwa Rehema, kuhusu uloto wa mdogo wako

Dodoma

Mpendwa Rehema,

Pole sana, na mama mfikishie shikamoo yangu. Ujumbe wako kuhusu Hamisi nimeusoma zaidi ya mara moja. Leukemia, yaani saratani ya damu, kwa kijana wa umri ule inauma, na sasa anahitaji kupandikizwa uloto wa mtu mwingine, ule ute wa ndani ya mifupa unaotengeneza damu.

Umeniuliza kama ni kweli mtoa uloto hutobolewa uti wa mgongo akapooza. Hapana, mwenzangu. Uti wa mgongo hauguswi kabisa. Uloto huvutwa kwa sindano kwenye mfupa wa nyonga, kwa nyuma, ukiwa umepewa dawa ya usingizi. Siku hizi mara nyingi hata huko hawafiki: unachomwa sindano siku nne au tano ili seli mama, zile zinazozaa damu, zitoke kwenye uloto ziingie kwenye damu, kisha mashine inazichuja na kukurudishia damu inayobaki. Mifupa itauma, utajisikia kama mwenye mafua makali, halafu basi. Kilichochukuliwa mwili unakirudisha ndani ya wiki chache.

Mzigo mzito ni wa Hamisi. Atapewa dawa kali, pengine na mionzi, ili kuua uloto ulioharibika. Seli zako ataingiziwa kwa dripu, kama anayeongezewa damu. Huchukua wiki mbili hadi nne kushika, na muda huo wote hana kinga. Mafua ya mgeni mmoja yanaweza kumlaza. (Kundi lake la damu likiwa tofauti na lako, atahamia kwenye lako!) Sikufichi: seli za mtoaji huweza kuushambulia mwili wake, ngozi, ini na utumbo, na wapo wanaofariki. Lakini seli hizohizo ndizo zinazowinda saratani iliyobaki. Dkt. E. Donnall Thomas alipoanza kupandikiza uloto kule Marekani mwaka 1957, wagonjwa wake wa kwanza hawakupona. Hakuacha, na mwaka 1990 alipewa Tuzo ya Nobel.

Kwa hiyo nendeni mkapimwe HLA, alama za kwenye seli zinazoonyesha kama mnalingana na Hamisi, wewe na wadogo zako wote. Kila ndugu wa baba na mama mmoja ana nafasi moja kati ya nne ya kulingana naye kikamilifu. Msipolingana, msikate tamaa: anayelingana nusu, hata mama, siku hizi anaweza kutoa. Msitegemee kwanza orodha za watoaji za Ulaya na Marekani, maana watu wa asili yetu humo ni wachache.

Muulize daktari wake lini mtapimwa, kisha nipigie jioni, nikishatoka zamu.

Nduguyo,
Neema